Anayesinzia Chuoni Huenda si Mvivu

Mtoto arudipo skuli amechoka, kisha akasinzia chuoni mbele ya msahafu, aghalabu huambiwa mvivu. Wazazi wa Pemba tusiharakie hukumu hiyo. Mwili mmoja mdogo huweza kubeba safura na kichocho kwa pamoja, na hata malaria, ijapokuwa imepungua mno visiwani kwetu. Kila maradhi humpunguzia damu kwa njia yake.

Minyoo ya safura hupenya ngozi ya nyayo zinazokanyaga udongo uliochafuliwa kwa kinyesi, ikajishikiza utumboni na kunyonya damu. Kichocho humwingia akogapo mtoni au bwawani. Mkojo hugeuka mwekundu, naye kwa haya hunyamaza. Mama amuulize, kwa upole.

Katika miaka ya 1990, wanafunzi wa baadhi ya skuli za Pemba waligaiwa mebendazole, na watafiti wakaona hali yao ya madini ya chuma imekuwa bora kuliko ya wenzao wasiopewa. Lakini dawa hiyo haiui kichocho, ambacho hutaka praziquantel. Wala hairejeshi damu iliyokwisha kupotea: hiyo ni kazi ya dagaa, maini, na kisamvu kilichokamuliwa ndimu. Chai isiandamane na chakula, kwani huzuia madini hayo yasifyonzwe.

Maabara ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000 huyachunguza maradhi haya. Hata hivyo, mtoto aliyemeza dawa Jumatatu akirudi kukoga mtoni Alkhamisi, kichocho huweza kumrudia.