Wati 100 za Redio: Mwili Unapokea Ngapi?

Kwenye boksi pameandikwa wati 100, lakini mshale wa kipima nguvu unacheza kati ya 20 na 30. Wengi wanaoanza mawasiliano ya redio ya ridhaa wakifika hapo huamini wameuziwa mashine mbovu, wakapandisha maikrofoni hadi mwisho. Hapo ndipo wanapoharibu: sauti inakwaruza na kumwagikia masafa ya wenzao. Redio ilikuwa nzima tangu mwanzo.

Katika SSB, njia inayopendwa sana kwa mazungumzo ya masafa mafupi, redio hairushi kitu mpaka utamke. Sauti ikipanda, nguvu inapanda. Ukivuta pumzi, inashuka karibu na sifuri. Zile wati 100 ni za kilele, nguvu ya mawimbi pale sauti inapofika juu kabisa. Mshale wa kawaida ni mzito, hauwahi kilele, kwa hiyo huonyesha kitu kilicho karibu na wastani. Vipo vipima vyenye kapasita inayokishikilia kilele mpaka mshale ukifikie, na kwa SSB hivyo ndivyo vya kuaminiwa.

Leseni hutazama kilele. Marekani, kwa mfano, mamlaka ya mawasiliano, FCC, imeweka kikomo cha juu cha wati 1,500 za kilele. Mwili hauhesabu hivyo. Mawimbi ya redio yakizidi huupasha joto, na joto hujikusanya kwa muda. Macho huathirika upesi kwa kuwa damu ya kuyapoza ni kidogo. Ndiyo maana kwa watu wa kawaida FCC hupima wastani wa dakika 30.

Kwa makadirio ya FCC, mazungumzo ya SSB yasiyokuzwa kwa mitambo hubeba wastani wa asilimia 20 ya kilele. Wati 100 zinakuwa 20. Ukiongea nusu ya muda na kusikiliza nusu, zinabaki 10. FM haipandi wala kushuka: wati 100 ni 100 muda wote unaobonyeza, na kwa nusu ya muda ni 50. Teletaipu, yaani maandishi yanayotumwa kwa redio, ni vivyo hivyo. Hiyo ni mara tano ya joto, na kipimo cha kilele hakijabadilika hata kidogo.

Basi anayehama kutoka mazungumzo ya SSB kwenda teletaipu, hata kama hajagusa kitufe cha nguvu, apige upya hesabu ya umbali kati ya antena yake na chumba wanacholala watoto.