Malava na Genge Lisilo na Jina

Wenye maduka kando ya barabara ya Kakamega–Webuye hawahitaji kuelezwa. Pikipiki zikianza kupita kwa msururu, kila moja imepakia vijana watatu na marungu, milango inafungwa kwanza, maswali baadaye. Ndivyo Wakabras, wenyeji wa Malava nchini Kenya, walivyouishi uchaguzi mdogo wa ubunge wa Novemba 27, 2025, ulioitishwa baada ya kifo cha mbunge Malulu Injendi. Kampeni zilichafuliwa na vurugu, kambi zikatupiana lawama za kukodi wahuni.

Wahuni wa kundi gani? Hapo ndipo sheria inapokwama.

Sheria ya Kenya ya kuzuia uhalifu wa magenge, ya mwaka 2010, si legelege. Inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15, faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mtu akiuawa, kifungo cha maisha. Ila inataka genge liwe la watu watatu au zaidi, lenye mpangilio, lililodumu kwa muda. Kisha inampa waziri uwezo wa kupiga makundi marufuku. Mwaka huo huo waziri George Saitoti alipiga marufuku makundi 33, Mungiki likiwemo. Mwishoni mwa 2016 waziri Joseph Nkaissery akatangaza 90. Orodha ilinenepa karibu mara tatu, nasi tukadhani hiyo ndiyo kazi.

Genge la siku hizi halina jina wala kiapo. Linazaliwa asubuhi stejini, mtu anatoa hela ya mafuta na ya chakula, jioni limeshasambaa. Kesho yake kijana yuko shambani anakata miwa. Akinaswa, kosa jepesi kuthibitisha ni mkusanyiko haramu: kifungo cha mwaka mmoja. Aliyemkodi je? Sheria inamgusa anayesajili wanachama, lakini wanachama wa nini, ikiwa genge lenyewe halithibitiki?

Kuna njia nyingine. Sheria ya RICO ya Marekani, ya 1970, dhidi ya uhalifu wa magenge, haisaki majina. Inafuata mfululizo wa matendo, angalau makosa mawili ndani ya miaka 10, hadi kwa mkubwa. Tusiibebe nzima nzima. Jimbo la California lililazimika kuibana sheria yake ya magenge mwaka 2021, maana ilikuwa ikiwazoa vijana kwa ujirani tu.

Bunge liandike kosa moja linalojitegemea: kukodi watu wafanye fujo. Lisidai jina la genge, na adhabu yake ianzie kwa mwenye pesa, kabla ya uchaguzi mkuu wa 2027.