Kitatuzi Mbele ya Mwamba Mpya

Ndani ya kila simu ya Android kuna menyu iliyofichwa. Haionekani mpaka mtu agonge namba ya toleo la mfumo mara saba mfululizo. Ikifunguka kwenye simu iliyowekwa Kiswahili, miongoni mwa vipengele vyake utakuta mstari wenye maneno matatu: Utatuzi wa USB. Fundi simu mzoefu anaujua mstari huo, awe na meza Kariakoo au Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita. Ni mlango wa kuzungumza na simu kwa waya, kutoka kwenye kompyuta.

Waliotafsiri mstari huo walichagua neno linalofaa kweli. Uzi ukijitata, anayeufumua fundo kwa fundo anautatua. Programu ya kompyuta nayo ni uzi wa maelfu ya amri, wakati mwingine mamilioni, na amri moja iliyokosewa huweza kuiangusha kazi nzima. Chombo kinachomwezesha msanidi kuusimamisha uzi huo unapopita, kuutazama, kisha kuuachia uendelee, ndicho kitatuzi.

Mazungumzo ya msanidi na kitatuzi ni mafupi. Simama ukifika mstari wa 212. Nionyeshe salio la mteja ni kiasi gani sasa hivi. Songa hatua moja. Nani aliyeita kazi hii, na aliyeiita yeye aliitwa na nani? Majibu yakirudi, msanidi huona kwa macho yake kile ambacho programu inakifanya, badala ya kile alichodhani ameiandika ikifanye. Pengo baina ya hayo mawili ndimo hitilafu zinamoishi.

Mtu angetarajia chombo cha namna hii kiandikwe mara moja, kitumike kila mahali. Hakiwezi, na sababu zake zimelala pale pale juu ya meza ya fundi. Tuseme mbele yake kuna vifaa vitatu: kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe), simu janja ya Android na kompyuta ya mapajani yenye Windows. Viswaswadu vingi hutumia prosesa za ukoo wa ARM, ulioanzia Cambridge, Uingereza, ambako kampuni ya Acorn ilipata prosesa yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1985. Simu janja nayo ni ya ukoo huo huo, lakini ndani yake mfumo endeshi ni Android, uliojengwa juu ya kiini cha Linux, wakati kiswaswadu kina mfumo mdogo wa aina nyingine kabisa. Kompyuta ya mapajani kwa kawaida ina prosesa ya Intel au AMD, ambayo lugha yake haina undugu na ARM. Meza moja, prosesa za koo mbili, mifumo endeshi mitatu. Kitatuzi kilichofundishwa kifaa kimoja kinaweza kuwa bubu mbele ya viwili vilivyobaki.

Katika ukanda wa dhahabu ilipo Kharumwa, kuanzia Geita hadi Bulyanhulu upande wa Shinyanga, mfano uko karibu. Mchimbaji anayeshuka kwenye duara jipya, yaani shimo la mgodi, hatumii mazoea ya duara la jana bila kuuliza. Kwanza auelewe mwamba: mgumu au wa kumomonyoka, una maji au mkavu. Pili, apate ruhusa ya mwenye leseni na afuate taratibu zake. Kwa kitatuzi, prosesa ndiyo mwamba. Mfumo endeshi ndio mwenye leseni.

Tuanze na mwamba. Kuisimamisha programu mahali fulani kunasikika kama jambo dogo, lakini prosesa haijui "mstari wa 212". Inajua namba tu. Kwa hiyo kitatuzi hufanya kitu cha kijasiri: huiendea kumbukumbu ya programu inayokimbia, huondoa amri halali iliyopo mahali pale, huiweka pembeni, na mahali pake hupachika amri ya mtego. Prosesa ikiikanyaga, husimama na kupiga kelele. Kitatuzi huja, humwonyesha msanidi hali ilivyo, na kabla ya kuendelea huirudisha ile amri ya asili kana kwamba hakuna aliyeigusa.

Mtego huo haufanani kokote. Kwa Intel ni baiti moja tu, CC kwa hesabu ya tarakimu 16. Kwa ARM ya biti 64 ni baiti nne. ARM ya biti 32 ina lugha mbili ndani ya prosesa moja, ya amri ndefu za baiti nne na ya amri fupi ambazo nyingi ni za baiti mbili, na programu huruka kutoka lugha hii kwenda ile inapokimbia. Kitatuzi kikipachika mtego wa baiti nne palipo na amri ya baiti mbili, kimeifuta na amri ya jirani. Programu itaanguka, na msanidi atatumia siku nzima kuisaka hitilafu iliyoletwa na chombo chake mwenyewe.

Kuna hila ndogo zaidi ya hiyo, na ndiyo inayoonyesha vizuri kwa nini kazi hii inahitaji mtu mwenye subira. Prosesa ya Intel ikishakanyaga mtego, kihesabu chake cha mahali ilipo kimeshasogea baiti moja mbele. Kitatuzi lazima kikirudishe nyuma kwa baiti hiyo moja kabla ya kuendelea. Kwa ARM kihesabu hubaki pale pale penye mtego. Mwandishi anayehamisha kitatuzi kutoka Intel kwenda ARM akisahau kuiondoa kanuni hiyo, kila kituo kitakosewa kwa hatua ndogo isiyoonekana kwa urahisi.

Swali la "nani aliyeita" nalo lina mambo yake. Kazi moja ya programu inapoita nyingine, lazima pawe na kumbukumbu ya mahali pa kurudi. Intel huiandika kumbukumbu hiyo kwenye rundo, yaani sehemu ya kumbukumbu inayopanda na kushuka kama sahani zilizopangwa. ARM ya biti 64 huishika kwanza mkononi, kwenye rejista yake ya 30, na huihifadhi kwenye rundo pale tu inapolazimika. Rejista ni vijimfuko vilivyo ndani ya prosesa yenyewe. ARM hiyo ina 31 vya matumizi ya kawaida, Intel ya biti 64 ina 16. Kitatuzi kisichojua mfuko upi unashika nini hakiwezi kuifuata njia ya kurudi juu, kama mtu aliyeko chini ya duara asiyejua kamba imefungwa wapi.

Kisha mwenye leseni. Mifumo endeshi ya kompyuta na simu janja ya siku hizi hairuhusu programu moja ichungulie kumbukumbu ya nyingine kiholela. Mlango ungekuwa wazi, programu yoyote ya mchezo ingeweza kusoma namba ya siri ya programu ya benki. Kitatuzi kinaomba kufanya kitendo ambacho mwizi angependa kukifanya, hivyo kila mfumo una utaratibu wake wa kukiruhusu. Linux ina mlango unaoitwa ptrace. Windows ina wito wake yenyewe, ambapo kitatuzi hukaa kikingojea taarifa za matukio moja baada ya jingine. Kwenye kompyuta za Apple, kitatuzi kutoka nje lazima kitiwe sahihi ya kidijitali, la sivyo hukataliwa mlangoni. Prosesa ileile, mifumo miwili: sehemu hii yote ya kazi inaandikwa upya.

Kitatuzi maarufu zaidi kati ya vile vilivyo huru kinaitwa GDB. Richard Stallman wa Marekani alikiandika mwaka 1986 kwa ajili ya mradi wa programu huru wa GNU, na kwa kuwa msimbo wake uko wazi, wengine waliweza kukifundisha mashine ambazo yeye hakuwa nazo. Mwaka 1989 ilianzishwa kampuni ya Cygnus, na sehemu kubwa ya riziki yake ilitokana na kazi hiyo: watengenezaji wa prosesa walilipa ili GDB na kikusanyi cha GNU, chombo kinachogeuza msimbo kuwa amri za prosesa, viijue prosesa yao. Hesabu yao ilikuwa sahihi. Prosesa isiyo na kitatuzi hainunuliki, kwa kuwa hakuna msanidi anayetaka kufanya kazi gizani.

Ndani ya GDB mgawanyo wa mwamba na mwenye leseni unaonekana kwenye majina ya mafaili. Kuna mafaili yanayoieleza prosesa peke yake: rejista zake, mtego wake, namna ya kulipanda rundo. Mengine yanaeleza kukutana kwa prosesa hiyo na mfumo fulani, na mengine yanashughulikia mazungumzo na mfumo ulio chini ya miguu yao. Historia ya RISC-V inalionyesha hilo. Usanifu huo wa prosesa ulianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010, na yeyote anaruhusiwa kuutumia bila kulipia leseni. GDB 8.2 ya mwaka 2018 iliipokea RISC-V tupu, isiyo na mfumo endeshi. RISC-V yenye Linux ilisubiri toleo la 8.3, mwaka 2019.

Prosesa isiyo na mfumo endeshi si ajabu ya maabara. Vyombo vingi vidogo viko hivyo, na kompyuta ndogo zisizo na sura ya kompyuta zimejaa majumbani. Mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni mojawapo. Watanzania waliikumbuka mwaka 2024, TANESCO ilipowataka wateja waingize tarakimu za ziada kabla ya Novemba 24. Mita hizo hufuata kiwango cha kimataifa, na kila tokeni yake ilibeba hesabu ya dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993 katika nafasi ya biti 24, ambayo hujaa baada ya dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Nafasi ilikuwa inajaa, na mita zililazimika kuanza hesabu upya.

Mhandisi anayetaka kuona ndani ya chombo kidogo cha aina hiyo kikiwa maabara hawezi kukiweka kitatuzi ndani yake. Hakuna nafasi, hakuna skrini, hakuna kibodi. Kitatuzi hubaki kwenye kompyuta, na waya huenda hadi kwenye chipu, mara nyingi kupitia njia iitwayo JTAG iliyowekewa kiwango mwaka 1990. GDB na upande wa pili huandikiana ujumbe mfupi. Kuomba rejista zote, GDB hutuma herufi g kati ya alama mbili, ikifuatiwa na tarakimu mbili za kuhakiki: $g#67. Hapo mwenye leseni hayupo, na mwandishi wa kitatuzi hushughulika na mwamba mtupu.

Afrika Mashariki ina mfano wa kujivunia wa kuiongezea programu huru uwezo ambao waanzilishi wake hawakuwa nao. Mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Kule ilikuwa lugha ya binadamu, huku ni lugha ya prosesa, lakini mlango uliotumika ni ule ule: msimbo ulio wazi, na watu waliokaa chini wakaujaza. Inauma kuona vifaa vingi vikiuzwa na kutengenezwa katika miji kama Kharumwa, huku kazi ya kuvielewa kwa ndani ikiachiwa wa mbali. Vifaa vya kujifunzia si ghali kama zamani. GDB ni bure, nyaraka za RISC-V ni bure, na iko programu huru iitwayo QEMU inayoiga prosesa, kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kuanza bila kuwa na chipu yenyewe.

Anayeanza kukifundisha kitatuzi prosesa mpya hujaribu programu fupi mno, ya mistari mitatu au minne. Huweka mtego mwanzoni mwake, huiachia ikimbie, na kungoja. Mara ya kwanza kwa kawaida hakuna kinachotokea, au kitatuzi chenyewe huanguka. Hurudi kwenye jedwali la rejista, hugundua moja imepewa upana wa biti 32 badala ya 64, hurekebisha, hujaribu tena. Kisha huiendea hazina ya majaribio ya GDB, maelfu ya maswali madogo yaliyoandikwa kwa miaka mingi, kila moja likijibiwa PASS au FAIL. Kwenye prosesa mpya FAIL hujaa ukurasa baada ya ukurasa. Mwandishi huchukua ya kwanza, husoma kilichotarajiwa na kilichopatikana, kisha hulifungua faili la prosesa na kuanza kutafuta.