Majigambo na Ushuhuda: Lugha ya Kayole katika Albamu ya Khaligraph Jones

Mwaka 2018 Khaligraph Jones, msanii aliyekulia Kayole, mashariki ya Nairobi, alitoa albamu aliyoiita Testimony 1990. Mwaka uliotajwa ni ule aliozaliwa. Neno linaloutangulia lina maana ya ushuhuda. Jina hilo lafaa kuwa ufunguo wa kazi yenyewe, kwani humo zimekutana tanzu mbili ambazo aghalabu huchunguzwa kila mmoja peke yake.

Utanzu wa kwanza ni majigambo. Mfokaji hujisifu, huwabeza wapinzani, na huutaja mtaa wake kama shujaa atajavyo ukoo. Jambo hili si geni: mapokeo ya Waswahili yamhusisha Fumo Liyongo na tungo za kujisifu. Utanzu wa pili ni ushuhuda, unaofahamika sana katika makanisa ya mitaani: mtu husimama akaeleza alikotoka, dhiki aliyoipitia, na alikofika. Sifa zisizo na masimulizi ya dhiki hubaki kelele. Masimulizi yasiyo na sifa huelekea kuwa ombi la kuhurumiwa.

Mchanganyiko huo umo katika lugha pia, maana msanii hutumia Kiingereza, Kiswahili na Sheng. Walimu wengi wameilaumu Sheng kuwa yaharibu Kiswahili, na mwanafunzi aiandikapo katika insha hupoteza alama. Kanuni hiyo ya mtihani ni halali, lakini haitoshi kuwa kipimo cha sanaa. Katika mazungumzo ya mitaani husikika msee na wasee: ngeli ni ile ile ya mtu na watu. Katika wanadishi, yaani wanakula, mzizi umetoka katika Kiingereza, bali viambishi vya nafsi na wakati ni vya Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2018 Chege Githiora alichapisha kitabu kinachoieleza Sheng kuwa ni aina ya Kiswahili cha Kenya.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, Kalamashaka wa Dandora walikwisha kuonyesha kwa wimbo wao Tafsiri Hii kwamba lugha ya Eastlands yaweza kuyabeba maisha ya Eastlands. Wajibu wa mhakiki, basi, ni kuuliza kila lugha imewekwa wapi na kwa kazi gani, badala ya kuhesabu maneno yasiyo sanifu. Asipofanya hivyo, kijana wa Kayole ataendelea kuamini kwamba ushuhuda wake hauna nafasi katika somo la Kiswahili.