Bunduki ya Upepo: Kwa Nini Kidonge Hakifuati Jicho

Bunduki ya upepo yenye springi huonekana kuwa chombo rahisi: mtutu hukunjwa, springi ikashindiliwa, kidonge kikatiwa, kifyatuo kikavutwa. Hata hivyo, mtu hodari aliyezoea bunduki ya baruti aweza kuishika kwa mara ya kwanza akakosa kopo lililo umbali wa mita 10. Aghalabu hulaumu vilengeo, yaani ncha ya mbele na pengo la nyuma, akatwaa bisibisi na kuanza kuvizungusha. Kasoro haiko huko.

Tuangalie yatokeayo ndani. Kifyatuo kikivutwa, springi huisukuma pistoni mbele katika silinda. Na kwa kanuni ya tatu ya Newton, bunduki yenyewe husukumwa nyuma. Hewa iliyo mbele ya pistoni hubanwa ghafla, ikapata joto kali, na kani yake ndiyo inayokirusha kidonge. Katika bunduki ya baruti risasi hutoka upesi zaidi. Hapa kidonge kingali mtutuni, na bunduki imekwisha kuondoka mahali ilipolengwa.

Kwa hiyo namna ya kuishika ni sehemu ya vilengeo. Usiibane. Iache ilale juu ya kiganja kilicho wazi, mahali pale pale kila mara, na kitako kiguse bega bila kukandamizwa. Ukiiegemeza juu ya meza au tofali itaruka, na matundu yatakuwa mahali pengine kabisa. Kaza pia skrubu za mbao, maana mtikisiko huzilegeza.

Sasa piga vidonge vitano kwenye karatasi iliyo mita 10. Usiguse vilengeo hata kama vyote vimekwenda kando. Tazama tu kama matundu yamekusanyika. Yakitawanyika, rudia kazi ya mikono. Yakikusanyika, sogeza pengo la nyuma kuelekea upande unaotaka matundu yaende: yakiwa chini, liinue. Wanafunzi watapata kipimo chake kwa pembetatu zinazofanana. Ikiwa kati ya vilengeo viwili kuna sentimita 40, basi milimita 1 kwenye pengo ni milimita 25 kwenye karatasi.

Kidonge cha gramu 0.53 kikienda mita 170 kwa sekunde kina nishati ya jouli 7.7 hivi. Tukiacha ukinzani wa hewa, huanguka kiasi cha sentimita 1.7 katika mita 10 za kwanza, na karibu sentimita 7 kifikapo mita 20, kwa kuwa muda ukizidi mara mbili anguko huzidi mara nne. Ndiyo sababu bunduki iliyorekebishwa kwa umbali mmoja haisemi kweli kwa umbali mwingine.

Jouli hizo ni chache mno kumwangusha mnyama mkubwa, lakini zatosha kabisa kumpofua mtoto. Hili lina uzito wa pekee katika kata kama Chikongola, mjini Mtwara, ambako nyumba zimekaribiana na njia za miguu hupita nyuma ya kila ua. Kidonge kilichokosa shabaha huweza kwenda zaidi ya mita 200. Anayetaka kufanya jaribio hili aulize kwanza kituo cha polisi kuhusu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kisha atafute mahali pasipo watu, penye tuta nene la mchanga nyuma ya karatasi. Ukuta wa matofali haufai, kwani hukirudisha kidonge. Afanye kazi asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka. Wakati wa kusi kidonge chepesi hupeperushwa kando, na mpigaji akadhani vilengeo vimehama.

Hewa ya chumvi ya pwani yetu huleta kutu, na wengi hujikinga kwa kumimina mafuta mengi ndani ya silinda. Mafuta hayo hulipuka kwa joto la hewa iliyobanwa, kama yanavyowaka katika injini ya dizeli, na pistoni huharibika. Tone dogo kwenye bawaba ya mtutu, na kitambaa chenye mafuta kwa nje, vyatosha. Usifyatue bunduki tupu, wala usiiache imeshindiliwa. Na kwa kuwa kidonge ni madini ya risasi, yenye sumu, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.