Kanula Ikianza Kuuma, Usivumilie

Ukipanda matatu Kawangware 46 au Kibera asubuhi, si ajabu kuketi kando ya abiria mwenye plasta nyeupe nyuma ya kiganja. Chini yake kuna kanula, kimrija laini cha plastiki kilichoingizwa mshipani. Ameambiwa arudi jioni kwa dozi nyingine, na ili asidungwe upya, kanula imeachwa mkononi.

Wengi hudhani sindano ikishaingia, kazi imekwisha. Tafiti za hospitali katika nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa kati ya kanula 10, tatu hadi tano huharibika kabla ya matibabu kumalizika. Huziba, huchomoka, au dawa huvuja nje ya mshipa na mkono ukafura. Mara nyingi pia mshipa wenyewe huvimba kwa ndani. Vitabu husema ngozi huwa nyekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Kwa hivyo gusa: je, pana joto? Mshipa umekuwa mgumu kama kamba?

Vijidudu kuingia kwenye damu ni jambo la nadra, chini ya kanula 1 kati ya 100 za mkononi. Hata hivyo, yanapotokea, maambukizi hayo yanaweza kuua. Homa na kutetemeka ukiwa na kanula si mambo ya kungojea hadi kesho.

Hatari huongezeka nyumbani. Mama fua hawezi kukosa kibarua cha siku, basi mkono wenye kanula huingia kwenye beseni. Plasta iliyolowa huwafungulia vijidudu njia, na inafaa ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Kuna pia wanaoomba "maji" kwa sababu ya uchovu tu. Lita moja ya maji ya chumvi ya dripu ina gramu 9 za chumvi. Haina vitamini wala chakula. Anayeweza kunywa na kumeza mara nyingi hutosheka na tembe, na mtoto anayeharisha bila kuishiwa maji sana hupewa ORS na zinki.

Muulize mhudumu kila siku: bado naihitaji? Usiichomoe mwenyewe. Ikiuma, ikifura au ikitoa usaha, nenda kituo cha afya kilicho karibu, hata kama hukuwekewa hapo, au Hospitali ya Mbagathi.