Usione Haya Kuuliza Neno la Hospitali

Sisi tukaao Gerezani, hapa Dar es Salaam, twajua vema jinsi neno moja linavyoweza kumtisha mtu. Mgeni wa kutoka bara akiambiwa kwamba ndugu yake “yuko Gerezani”, hushika kichwa akidhani amefungwa. Kumbe ndugu amepanga chumba chake, na meza yake ya biashara iko karibu na soko la Kariakoo. Akifika na kuona, hucheka. Lakini yako maneno ambayo ukiyaelewa vibaya hutacheka. Nayo ni maneno ya hospitali.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo na ndoa, lakini wageni wanaokuja kutibiwa Muhimbili hupita ofisini na karatasi zao niwasomee. Siku moja akaja mzee aliyekuwa akikohoa kwa muda mrefu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Wamepima makohozi yangu, wakasema majibu ni hasi. Hasi hiyo si ndiyo hasara? Nimekwisha kumwambia kijana anikatie tiketi ya basi, nikafie nyumbani.”

Nikampa kiti, nikamweleza. “Hasi” maana yake kile kilichotafutwa hakikuonekana. “Chanya” maana yake kimeonekana. Basi katika makohozi yake hawakuona vijidudu vya kifua kikuu. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe nilikuwa nikijililia bure!”

Hata hivyo nilimsihi asisafiri bado. Hasi si kusema kwamba mtu ni mzima. Kikohozi kile kilikuwa bado chataka kutafutiwa sababu. Tena hata kama majibu yangekuwa chanya, hiyo isingekuwa hukumu ya kifo. Kifua kikuu chapona, na dawa zake nchini Tanzania hutolewa bila malipo. Kwa kawaida mgonjwa huzimeza miezi 6 pasipo kukatiza.

Neno jingine ni “rufaa”. Wengi wamelisikia mahakamani, basi huogopa. Hospitalini rufaa maana yake zahanati au hospitali ndogo yakupeleka kwa hospitali kubwa yenye mafundi na vyombo zaidi. Barua ile usiiache nyumbani.

Kisha tazama bahasha ya dawa. Ukiona “1 x 3”, usimeze vidonge 3 kwa mkupuo. Ni kidonge 1, mara 3 kwa siku. Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima huandikwa “4 x 2”, yaani vidonge 4, mara 2 kwa siku, kwa siku 3. Ukipata nafuu siku ya pili, usimwekee jirani vilivyobaki. Maliza vyote.

Sasa, enyi wazazi, shikeni sana neno hili: “degedege”. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, akatupa mikono na miguu, macho yakageuka. Tangu zamani wengi wamesema ni ndege au pepo aliyempitia, wakamkimbiza kwa mganga. Waganga wa hospitali wajua kwamba huenda ikawa malaria iliyopanda kichwani, nayo yaweza kuua kwa muda mfupi. Mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, mpeleke zahanati upesi, hata kama ni usiku. Neno ni lile lile, lakini ukielewa maana yake wajua njia ya kushika.

Wala tusidhani kwamba maneno ya tiba ni mali ya wasomi peke yao. Mwaka 1952 ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo uliwaangusha watu wengi huko Newala, kusini mwa nchi yetu. Wanakijiji waliuita kwa Kimakonde “chikungunya”, yaani kile kinachomkunja mtu. Madaktari waliochunguza ugonjwa huo, unaoletwa na mbu, walilichukua jina lile lile. Leo madaktari wa India na Marekani huliandika vitabuni mwao. Ikiwa daktari alijifunza neno kwa mkulima wa Newala, mkulima aonee haya gani kujifunza kwa daktari?

Basi, ndugu msomaji, ukienda kutibiwa fanya hivi. Eleza ugonjwa ulianza siku gani, maumivu yako wapi, na dawa gani umekwisha kumeza, hata za miti shamba. Ukisikia neno usilolijua, sema, “Daktari, niambie kwa maneno ya nyumbani.” Kisha mrudilie alivyokuambia, ili akusahihishe kama umekosea. Na mtoto wenu asomaye shule aandike majina hayo katika daftari moja la nyumba.

Kuuliza si ujinga. Mzee wangu aliuliza, naye kijana akarudisha tiketi.